Sheria za Anga na Mwanachama wa Kijijini

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Murangi



Huenda wako watakaojiuliza kwa nini mazungumzo ya ushirika yageukie mambo ya ndege. Murangi hakuna kiwanja cha ndege. Mwanachama wa hapa hushughulika na pamba, mihogo, mtama na samaki, na akitaka kwenda mjini hupanda gari la kwenda Musoma. Ndege kwake ni mlio tu unaopita juu ya ziwa. Sheria zake, basi, zamhusu nini?

Zinamhusu, kwa kuwa anga halianzii mawinguni. Anga la nchi ni lile lililo juu ya ardhi yake na juu ya maji yake, tangu chini hadi juu. Liko juu ya paa la nyumba, juu ya mwembe uliopo uani na juu ya shamba la pamba. Mwanachama aliyenunua kiwanja cha kujenga karibu na njia ya ndege pale Musoma tayari amekutana na sheria za anga. Chama kinachotaka kukodi ndege nyuki inyunyizie pamba dawa kimekutana nazo. Mwenye shamba la mtama ambalo ndege ya Serikali inakuja kuua kwelea kwelea jirani yake amekutana nazo. Na mvuvi aliye na mtumbwi ziwani anaweza kukutana nazo siku asiyoitazamia.

Katika kila jambo kati ya hayo yapo matangazo, na matangazo hayo hufika katika ofisi ya kijiji au ofisi ya chama yakiwa karatasi moja au mbili zenye mhuri. Hubandikwa ubaoni. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini tangazo la anga lataka zaidi ya macho. Lina lugha yake, saa zake na vipimo vyake, na asiyevijua anaweza kulisoma lote akaondoka na maana iliyo kinyume. Shabaha ya mazungumzo haya ni kueleza kwa maneno ya kawaida namna ya kulisoma, na mambo ambayo mwanachama atapata hasara kama halikusomwa.

Anga ni mali ya nani

Tarehe 7 Desemba 1944, wakati vita kuu ya pili haijakwisha, mataifa 52 yalitia sahihi Mkataba wa Usafiri wa Anga katika mji wa Chicago, Marekani. Kifungu cha kwanza cha mkataba huo kinakubali kwamba kila nchi inayo mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Ndege ya nchi nyingine haipiti bila ruhusa. Ndipo lilipozaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Tanganyika ilijiunga nalo mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Shirika hilo huweka viwango ambavyo nchi wanachama huvifuata, ili rubani atokaye nchi moja asipotee afikapo nchi nyingine.

Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967, usafiri wa anga wa Kenya, Uganda na Tanzania ulisimamiwa kwa pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilijitungia sheria yake na kusimamia anga lake yenyewe. Siku hizi kazi hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mamlaka hiyo hutoa leseni, hukagua ndege na huongoza ndege angani. Isichanganywe na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ambayo ndiyo huendesha viwanja, majengo ya abiria na njia za kurukia. Katibu anayepeleka barua ya kuuliza habari za mnara au ndege nyuki kwa mwenye viwanja, au ya kulalamikia uzio wa kiwanja kwa mwenye anga, atasubiri jibu muda mrefu bila sababu.

Ngazi za amri

Amri za anga zina ngazi, na ni vema kujua karatasi iliyopo mkononi ni ya ngazi ipi.

Ngazi ya kwanza ni Sheria iliyotungwa na Bunge. Sheria kuu ya usafiri wa anga nchini ni Sura ya 80. Sheria husema mambo makubwa: nani ana mamlaka, nini ni kosa na adhabu yake ni nini.

Ngazi ya pili ni Kanuni. Hizi hutengenezwa na Waziri kwa uwezo aliopewa na Sheria, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali zikiwa na namba ya Tangazo la Serikali na mwaka wake. Namba hiyo ndiyo jina la kanuni. Mtu akija ofisini akasema, "Kanuni zinakataza," ana haki ya kuulizwa kwa adabu: kanuni zipi, za mwaka gani, tangazo namba ngapi?

Ngazi ya tatu ni taarifa za muda. Kiwanja kikifungwa kwa matengenezo, mnara mpya ukisimamishwa, au ndege ikitaka kunyunyizia dawa katika eneo fulani, marubani hupelekewa taarifa fupi ya siku au majuma machache. Taarifa hiyo huandikwa kwa mkato na kwa Kiingereza. Haikuandikwa kwa ajili ya mwanakijiji, ila huenda nakala yake ikaambatishwa na barua inayokuja wilayani, na hapo ndipo makosa mengi ya kusoma hutokea.

Ngazi ya nne ni tangazo kwa umma, linalotolewa na Mamlaka, na Halmashauri ya Wilaya au na ofisi nyingine ya Serikali, likimweleza mwananchi afanye nini.

Jambo moja la kusemwa wazi hapa ni la lugha. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Hata hivyo kanuni nyingi za kiufundi, za anga zikiwamo, ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwanachama asione haya kuomba aelezwe kwa Kiswahili. Mahakama haikubali kutojua sheria kuwa ni udhuru, kwa hiyo kuuliza kabla ya kutenda si usumbufu kwa mtu yeyote. Ni haki ya raia.

Saa, urefu na umbali

Taarifa ya marubani haifuati saa ya Kiswahili wala saa ya Dar es Salaam. Hufuata saa moja ya dunia nzima, iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tarehe na saa huandikwa kwa tarakimu kumi mfululizo: mbili za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku, mbili za saa na mbili za dakika.

Chukulieni mfano wa kufundishia tu. Taarifa inasema kazi itaanza 2607060600 na kwisha 2607061000. Hii ni tarehe 6 Julai 2026. Mtu atakayeona 06 anaweza kusema ni saa sita, akawaambia wenzake waondoe ng'ombe kabla ya adhuhuri. Atakuwa amekosea. Saa 06 ya dunia ni saa 9 kwa saa ya kizungu ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu asubuhi. Na saa 10 ya mwisho ni saa saba mchana. Kwa hiyo ng'ombe wangeondolewa wakati ndege ikiwa imekwisha fanya kazi kwa karibu saa tatu.

Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: chukua saa iliyoandikwa, toa tatu, utapata saa ya Kiswahili. Sita toa tatu ni tatu. Kumi toa tatu ni saba. Ikipita kumi na mbili, hesabu inaendelea kama kawaida ya usiku na mchana: saa 16 ya dunia ni saa moja usiku. Lakini hadhari iwepo kwa saa za usiku wa manane. Taarifa inayosema saa 22 ya tarehe 6 ina maana ya saa saba usiku, na kwa kalenda ya hapa tarehe imekwisha kuwa 7.

Urefu nao huandikwa kwa futi. Futi 1,000 ni kadiri ya meta 305. Hapa pia pana mtego. Urefu mwingine hupimwa kutoka ardhini, na mwingine kutoka usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko kadiri ya meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 3,720 hivi. Taarifa ikisema ndege itaruka futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, mtu wa Dar es Salaam ataiona juu sana. Mtu wa Majita aliyesimama ufukweni ataiona futi 1,280 tu juu yake, yaani chini ya meta 400. Ng'ombe watashtuka na mlio utasikika darasani. Hii haina maana kwamba ndege ina hitilafu au inataka kuanguka, na anayeijua hesabu hii hatawatia wenzake hofu.

Umbali nao huandikwa kwa maili za baharini. Maili moja ya baharini ni kilometa 1.852. Mduara wa maili tano, basi, unafika zaidi ya kilometa tisa kutoka katikati yake. Vijiji vingi vyaweza kuwamo ndani ya mduara huo hata kama tangazo limetaja kimoja.

Jirani wa kiwanja cha ndege

Wapo wanachama wenye viwanja vya kujenga, maghala au biashara Musoma mjini. Kiwanja cha ndege cha Musoma kimo ndani ya mji, kando ya ziwa, na katika miaka hii ya 2020 kimekuwa na kazi ya kupanuliwa na kutiwa lami. Kiwanja kikikua, masharti kwa majirani zake nayo hukua.

Sharti la kwanza ni urefu wa majengo. Kutoka mwisho wa njia ya kurukia, wataalamu huchora mteremko usioonekana unaopanda kuelekea nje, na hakuna kitu kinachoruhusiwa kuutoboa. Kwa viwango vya kimataifa, katika njia kubwa ambazo ndege hutua kwa kuongozwa na mitambo, mteremko huo huanzia meta 60 kutoka mwisho wa njia na hupanda meta 2 kwa kila meta 100. Kwa hiyo penye umbali wa meta 500 haufiki hata meta 9. Nyumba ya kawaida ya bati itapita salama chini yake, lakini mnara wa simu, tangi la maji lililoinuliwa au mti mrefu vitautoboa. Kila kiwanja kina vipimo vyake, na kupima kwa macho hakutoshi. Mwenye kutaka kujenga kitu kirefu karibu na kiwanja hana budi kuomba kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuchimba msingi. Kibali cha ujenzi kutoka mjini hakichukui nafasi ya kibali hicho. Kubomoa ghala lililokwisha ezekwa ni gharama ambayo chama cha msingi hakiwezi kuibeba.

Sharti la pili linahusu ndege wa kuruka, wale wenye mabawa. Korongo au tai akiingia katika injini anaweza kuiharibu ndege wakati wa kupaa, pale ambapo rubani hana nafasi ya kugeuka. Ndiyo maana jalala haliruhusiwi karibu na kiwanja. Wavuvi na wafanya biashara wa dagaa na wakumbuke kwamba dagaa walioanikwa nao huita ndege kama jalala linavyowaita. Kuanika karibu na njia ya kurukia si jambo dogo, hata kama eneo ni tupu na lina jua zuri. Moshi mzito wa kuchoma majani, taa kali zinazoelekezwa juu na mifugo inayovuka njia ya kurukia ni hatari za namna hiyo hiyo.

Upanuzi wa viwanja huleta tangazo la aina nyingine, nalo ni la kutwaa ardhi. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka mwenye ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Haki hiyo inaweza kupotea kwa uzembe. Mwenye mali na awepo siku ya uthamini. Ahakikishe kila chumba, kila mti wa matunda na kila kaburi limeandikwa. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa, na akitia abaki na nakala. Mwanachama anayeishi Murangi na nyumba yake ikiwa Musoma ndiye aliye katika hatari kubwa ya kupitwa na tangazo, maana lilibandikwa mahali asipopita.

Ndege nyuki na shamba la pamba

Ndege nyuki si kitu kigeni tena katika Ziwa Viktoria. Mwaka 2018 ilitangazwa kazi ya majaribio ya miezi sita ambamo ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa za hospitali kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, jirani wa Majita ndani ya ziwa lile lile. Umbali wa kilometa 60 ulichukua wastani wa dakika 40. Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na mashirika makubwa yenye wataalamu wao, kwa ruhusa ya Serikali.

Mwaka huo huo wa 2018 zilitolewa kanuni za ndege zinazoongozwa kutoka mbali. Kwa kanuni hizo ndege nyuki ni ndege. Hairushwi wala kuingizwa nchini kiholela kama redio au baiskeli. Husajiliwa, na mwenye kuirusha kwa kazi hutakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka, baada ya vyombo vya ulinzi kuridhika. Katika hifadhi za taifa, kama Serengeti iliyo jirani, hairushwi bila kibali cha pekee cha wenye hifadhi.

Sasa yupo mtu atakayekuja katika vyama na kusema anazo ndege nyuki za kunyunyizia pamba, kwamba ekari zitamalizika kwa siku moja na bei ni nafuu. Huenda ni mtu mwema na chombo chake ni kizuri. Hata hivyo, kabla ya chama kutoa hata shilingi moja ya wanachama, katibu na amwombe mambo manne. Kwanza, hati ya usajili wa chombo chenyewe, na namba iliyo kwenye hati ifanane na iliyo kwenye chombo. Pili, kibali cha kurusha kwa kazi ya biashara, kisichokwisha muda. Tatu, bima, ili shamba la jirani likiunguzwa na dawa au mtoto akiumizwa pawepo wa kulipa. Nne, uthibitisho kwamba dawa yenyewe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kibali cha kurusha hakihalalishi dawa mbaya, na dawa nzuri haihalalishi chombo kisicho na kibali.

Chombo kisicho na kibali kikikamatwa katikati ya kazi, pamba itabaki na wadudu na fedha za malipo ya awali zitakuwa zimekwenda. Halmashauri ya chama ndiyo itakayosimama mbele ya mkutano mkuu kujieleza.

Unyunyiziaji wa kwelea kwelea

Kwelea kwelea mmoja ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, na kwa siku hula punje kadiri ya gramu 10. Kundi la ndege milioni moja, basi, hula tani 10 kwa siku. Wakulima wa mtama, uwele na mpunga wanazijua hesabu hizo bila kufundishwa. Ndiyo sababu Serikali huleta ndege kunyunyizia dawa mahali wanapolala, kwa kawaida jioni, wakati makundi yamekwisha rudi matitini na mitini.

Dawa inayotumiwa sana kwa kazi hiyo barani Afrika ni fenthion, sumu ya jamii ile ile ya viuatilifu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo maana ya masharti yaliyo katika tangazo. Tangazo linaposema mifugo iondolewe, ni kwa sababu majani na maji ya eneo lile vitakuwa na sumu. Linaposema watoto wasiende kuokota ndege walioanguka, ni kwa sababu ndege wale wamekufa kwa sumu hiyo, na kuwachemsha au kuwakaanga hakuiondoi. Katika kijiji kisicho na kitoweo, ndege waliotapakaa chini ni kishawishi kikubwa, na hapa ndipo tangazo lililokaa ubaoni bila kusomwa linapoweza kugharimu maisha. Wafuga nyuki nao wapashwe habari mapema ili waisogeze mizinga au waifunike.

Mtu akianza kutoka jasho jingi, kutokwa mate, kutapika, au kuona giza baada ya kuwa karibu na dawa hiyo, na avuliwe nguo zake, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali upesi. Mwenye kumpeleka amweleze mganga jina la dawa.

Ndege ikianguka ziwani

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa na 24 waliokoka. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi alieleza kwamba alisaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kuupiga kwa kasia, na abiria wakatoka.

Wavuvi wa Majita wanafanya kazi katika maji yale yale. Siku hiyo inafundisha kwamba sheria za uchunguzi wa ajali, ambazo huonekana ni za wataalamu, zinaanza na mtu wa kwanza kufika. Sheria hizo zina sehemu mbili, na mwanachama azijue zote mbili ili asiogope kutenda na asitende kupita kiasi.

Sehemu ya kwanza ni kuokoa. Uhai wa watu hutangulia kila kitu. Mwokoaji anaruhusiwa kuvunja, kukata na kusogeza kinachozuia watu kutoka. Asisubiri kibali cha mtu yeyote. Ajihadhari na mafuta yanayoelea juu ya maji, moto wowote uzimwe, hata sigara, na mitumbwi isijazane upande mmoja wala kupakia kupita uwezo wake. Wakati huo huo mtu mmoja, mmoja tu aliyeteuliwa, apige simu polisi na kwa viongozi wa Serikali, aseme mahali penyewe kwa jina la kijiji na la mwalo.

Sehemu ya pili huanza watu wakiisha tolewa. Kuanzia hapo mabaki ya ndege hayaguswi. Kipande cha bati, kiti, waya, hata karatasi iliyolowa inaweza kuwaeleza wachunguzi chanzo cha ajali. Vyombo vya kunasa mazungumzo na mwendo wa ndege, ambavyo watu huviita visanduku vyeusi, kwa kweli vina rangi ya chungwa, na anayekiona kimoja akiache mahali pake na kutoa habari. Mizigo na simu za abiria ni mali yao au ya warithi wao. Kuondoa kitu ni wizi, na zaidi ya wizi ni kuficha chanzo cha ajali, hata ajali ya namna hiyo iweze kutokea tena kwa wengine.

Kazi ya katibu

Kutokana na yote yaliyoelezwa, katibu wa chama cha msingi anapopokea tangazo lolote linalohusu anga na alisome akiwa na maswali matano mbele yake. Nani amelitoa, na kwa sheria au kanuni ipi? Linakataza au linaagiza nini hasa? Linahusu eneo lipi, kwa kilometa na kwa majina ya vijiji? Linaanza lini na kwisha lini, kwa saa ya Kiswahili? Na mwenye shaka au malalamiko aende kwa nani? Tangazo lisilojibu mojawapo ya maswali haya lirudishwe kwa barua ya kuuliza, na nakala ya barua iwekwe katika jalada.

Majibu yake ayaandike kwa Kiswahili katika karatasi moja, ayasome mbele ya halmashauri ya chama na kuyaingiza katika kitabu cha kumbukumbu, pamoja na tarehe tangazo lilipofika. Tarehe hiyo ina thamani kubwa kukitokea mgogoro wa fidia au wa hasara. Kisha asitegemee ubao peke yake. Siku ya kupima pamba, siku ya gulio, mwaloni wakati wa kugawana dagaa, misikitini na makanisani, hapo ndipo watu walipo. Mwanachama asiyejua kusoma naye ana shamba chini ya anga lile lile, na asipofikiwa yeye tangazo halijafika kijijini.

Kwa malalamiko ya abiria na watumiaji wa huduma za ndege, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Kwa majengo, minara na ndege nyuki, barua ziende Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa mambo ya njia ya kurukia na mipaka ya kiwanja, pa kuanzia ni kwa meneja wa kiwanja cha Musoma. Na kwa dawa za kwelea kwelea au za pamba, wa kwanza kuulizwa ni Bwana Shamba wa kata.

Kila chama kinaombwa, katika mkutano wake ujao, kumteua mjumbe mmoja wa kumsaidia katibu katika kazi hii, na kuliandika jina lake katika kumbukumbu za mkutano.